Ngazija: Mume Huhamia kwa Mke

Katika msikiti wa Ijumaa wa mji wowote wa kisiwa cha Ngazija, safu ya mbele ina wenyewe. Kuwahi hakusaidii. Hukaa pale wanaume waliokwisha kutimiza ada, yaani harusi kubwa ya kisiwa hicho, nao hutambulikana kwa mavazi kabla hawajafungua kinywa: joho, kofia iliyodariziwa, na mharuma uliotandwa begani. Nyuma yao anaweza kuwapo daktari bingwa, mwalimu wa chuo kikuu, hata waziri. Kama hajafanya ada, mji bado unamhesabu kuwa mnamdji, mtoto wa mji, ijapokuwa ana mvi na wajukuu. Barazani atasikiliza zaidi kuliko kusema, na uamuzi utatolewa na wengine.

Sala ikiisha, mambo hugeuka. Mheshimiwa yule wa safu ya mbele hurudi kula chakula cha mchana katika nyumba isiyo yake. Nyumba ni ya mkewe. Mke aliipata kwa mama yake, au alijengewa na wazazi na kaka zake juu ya ardhi ya ukoo wa kikeni. Ndoa ikivunjika leo, mwanamume ndiye atakayefunga sanduku lake na kutoka.

Wageni wengi huona jambo moja tu kati ya hayo mawili. Anayeketi barazani huondoka akisema Ngazija ni nchi ya wazee wa kiume. Anayekaribishwa ndani huondoka akisema ni nchi ya wanawake. Kwa kweli jamii ya kisiwa hiki ina ngazi mbili zilizoegemeana, moja ya nyumba na moja ya mji, na hakuna apandaye moja bila kushikiwa na aliye kwenye nyingine. Mtafiti Mfaransa Sophie Blanchy, aliyeichunguza jamii hiyo kwa miaka mingi, alikiita kitabu chake cha mwaka 2010 kwa jina linalosema hivyo hivyo: nyumba za wanawake, miji ya wanaume.

Ngazija ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Komoro, yapata kilomita 300 kutoka pwani ya Msumbiji. Juu yake umesimama mlima Karthala, volkano iliyo hai, wenye kimo cha mita 2,361. Ardhi yake ya mawe ya volkano haishiki maji, kwa hiyo kisiwa hakina mito, na vizazi vingi vimeishi kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika mabirika. Watu wake ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Mzanzibari akiketi katika uwanja wa mji, ule unaoitwa bangwe, atashika maneno mengi yanayosemwa. Asichoweza kukishika haraka ni nani anamwamuru nani.

Mtoto wa Ngazija huzaliwa ndani ya hinya, yaani ukoo unaofuata mama. Baba anapendwa, anaheshimiwa, na jina lake mtoto hulichukua. Lakini ukimuuliza mtoto huyo ni wa nyumba gani, atakutajia ya bibi yake mzaa mama. Chini ya paa hilo, au katika nyumba zilizojengwa bega kwa bega kuzunguka ua mmoja, huishi bibi, binti zake na binti za binti zake. Waume wamekuja kutoka nyumba nyingine, aghalabu za mji ule ule. Kaka wa wanawake hao wametoka kwenda kuishi kwa wake zao, ila mguu wao haukatiki pale walipozaliwa. Huja kusalimu, huja kushauriana, na panapotokea posa, msiba au ugomvi wa mpaka, wao ndio wanaoitwa kwanza.

Hapo ndipo penye cheo cha mjomba. Katika jamii nyingi za pwani mjomba ni mtu wa utani na zawadi. Ngazija, yeye ni msemaji wa hinya. Shamba la dada zake analisimamia yeye, posa ya mpwa wake haipiti bila yeye kuulizwa, na mzigo wa gharama ya harusi ya mpwa unamwangukia naye. Zamani hata utawala wa kisiwa ulifuata njia hiyo. Masultani wa Ngazija walitoka katika koo chache za kikeni, na mtawala alirithiwa na nduguye wa tumbo moja au na mtoto wa dada yake. Mwana wa sultani mwenyewe hakuwa na haki ya kiti kwa sababu tu ya baba. Haki hiyo ilipita kwa mama.

Kijana wa kiume hufundishwa mapema kwamba nyumba aliyozaliwa si yake. Akibalehe huondoka chumba cha ndani na kujitengenezea kibanda na wenzake, au hulala kwenye chumba cha nje. Dada yake hubaki. Tangu binti wa kwanza anapozaliwa, wazazi huanza kufikiria tofali. Ndiyo maana mtu akizunguka miji ya kisiwa hicho huona nyumba nyingi za saruji zilizosimama nusu, nondo zimechomoza juu ya zege zikingoja ghorofa ya pili. Ni rahisi kudhani wenyewe wamefilisika. Aghalabu ni nyumba za mabinti. Hujengwa kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ule kuta, kwa fedha za baba, mama, kaka na mjomba, kwa sababu binti hawezi kufanyiwa harusi kubwa kama hana nyumba ya kumpokelea mume.

Ardhi ambayo ukoo hurithisha kwa upande wa kike huitwa manyahuli. Hupita kwa mama kwenda kwa binti, na kwa binti kwenda kwa binti yake. Wanaume wa ukoo wana haki ya kulima na kula matunda yake, ila hawana haki ya kuigawa kwa watoto wao, kwa kuwa watoto wao ni wa hinya nyingine. Na kuiuza si jambo la mtu mmoja. Msomaji anayeijua sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambamo mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike moja, atauliza mara moja jambo hili limesimamaje katika nchi yenye wanazuoni wengi hivyo. Wanazuoni wa Komoro wamelijadili kwa muda mrefu, na wanaolitetea huiona ardhi hiyo kama wakfu: mali iliyozuiwa kwa ajili ya uzao wa kike, isiyoingia katika hesabu ya urithi wa marehemu. Mali nyingine za mtu, kama duka, gari au fedha, hufuata sheria kama kawaida.

Faida yake inaonekana kwa macho. Mwanamke aliyeachwa hatafuti pa kulala. Mjane hafukuzwi na ndugu wa mume. Talaka si chache Ngazija, na wanaume wenye wake wawili au watatu wapo, lakini watoto hawahami: wamebaki katika ua ule ule, na bibi, mama wadogo na binamu wale wale. Katika nchi nyingi wanawake wamelazimika kwenda mahakamani kupigania chumba kimoja katika nyumba waliyoijenga na waume zao. Hapa haki hiyo ililindwa kabla ya kuwapo kwa wakili yeyote, na ni haki ya kujivunia.

Ngazi ya pili imesimama nje, uwanjani.

Huko wanaume hupangwa kwa hirimu, yaani marika. Waliozaliwa miaka inayokaribiana huingia katika hirimu moja, na kundi zima hupanda daraja pamoja kwa kulipa kile mji unachotaka, kama vile ng'ombe, mchele au fedha. Wote ambao hawajatimiza ada ni watoto wa mji, na wao wenyewe wana madaraja yao. Wa chini kabisa hutumwa: kubeba mawe ya ujenzi wa msikiti, kuchimba makaburi, kuchinja na kugawa nyama kwenye sherehe. Wa juu kabisa kati yao, wafomanamdji, huwasimamia na kupeleka amri za wazee. Juu ya wote wapo wandruwadzima, watu waliokamilika. Hao ndio waliofanya ada, na mikononi mwao mna mambo ya mji: usuluhishi, faini, tarehe za harusi, uhusiano na miji jirani.

Umri peke yake haumpandishi mtu, na elimu haimpandishi, na utajiri uliokaa benki haumpandishi. Kinachompandisha ni kutoa, tena mbele ya watu wote.

Ada si siku moja. Ni mfululizo wa sherehe zinazoweza kuchukua wiki kadhaa, na maandalizi yake huchukua miaka. Kuna madjilisi, kikao cha dua ambacho wanaume wenye vyeo huketi kwa mpangilio wasiouvunja. Kuna twarab, muziki uliovuka bahari kutoka Unguja mwanzoni mwa karne ya 20. Kuna ngoma za wanawake, na kuna zifafa, msafara wa kumpeleka bwana harusi nyumbani kwa mkewe. Katikati ya yote hayo ipo siku ya dhahabu: vito ambavyo mume amemletea mke hupelekwa kwa maandamano na kuonyeshwa wazi, mikufu, bangili na vidani, ili kila mtu aone kimetolewa nini.

Mwenye kutaka kuuelewa mji wa Ngazija na aende nyuma ya ua siku ya kugawa nyama. Ng'ombe wamechinjwa alfajiri. Vijana wa hirimu ya chini, mikono imelowa damu, wanakata mafungu na kuyapanga chini kwa safu. Mmoja wa wafomanamdji anasimama akiwa na orodha na kuita: hirimu fulani, fungu lenu, mtaa fulani, lenu, mji jirani uliotualika mwaka juzi, lenu hili. Ukubwa wa fungu na zamu ya kuitwa vyote vina maana. Fungu likisahauliwa, mwenye haki hatamezea. Atasimama barazani na kudai, na mwenye sherehe anaweza kutozwa faini. Anayekataa faini hutengwa: hakuna atakayekwenda kwenye harusi yake, na hata msibani kwake watu watapungua. Katika mji wa watu elfu chache hiyo ni adhabu inayouma kuliko kifungo.

Upande wa pili wa ua ni wanawake, masufuria makubwa ya wali na moshi wa kuni. Hapo pana daftari. Kila anayekuja na gunia la mchele, katoni ya kuku au bahasha ya fedha huandikwa jina na alicholeta. Daftari hilo hutunzwa kama hati ya nyumba, kwa sababu kila mstari ni deni: siku ya harusi ya binti wa fulani, kilicholetwa kitarudishwa, na ni vizuri kizidi kidogo. Shangazi aliyetoa mara kumi katika maisha yake anajua kwamba siku ya binti yake hatakuwa peke yake. Katika nchi ambako wengi hawana bima wala pensheni, daftari la mama mwenye nyumba limefanya sehemu ya kazi hiyo.

Inafaa kuangalia ni nani hasa anayempandisha mwanamume. Kimila binti wa kwanza wa nyumba ndiye anayepaswa kufanyiwa ada, na siku anapofanyiwa, si mumewe tu anayebadilika hadhi. Mama yake hupanda, mjomba wake hupanda, na nyumba nzima hutajwa kwa heshima. Mwanamume asiye na nyumba ya kike ya kumpokea hana mlango wa kuingilia katika ukubwa. Vivyo hivyo, mwanamke aliyefanyiwa harusi kubwa huvaa na kuketi tofauti na wenzake kwenye shughuli za wanawake, nao pia wana vyama vyao na madaraja yao. Hata hivyo uwanjani, pale ambapo mambo ya mji huamuliwa, wanawake hawaketi. Yule yule mwenye nyumba na ardhi humtegemea kaka yake au mjomba wake apeleke neno lake.

Mfumo huu una watu uliowaumiza, na haifai kuwaruka. Wazao wa waliokuwa watumwa, hata baada ya utumwa kufutwa mwanzoni mwa karne ya 20, walibaki kwa muda mrefu katika vijiji vilivyohesabiwa kuwa vya chini, wasihesabiwe sawa katika baraza za miji mikubwa. Kijana maskini aliyebaki kisiwani anaweza kuzeeka akiwa anatumwa, huku mdogo wake aliyekwenda ng'ambo akirudi na fedha na kumpita. Na wanaume wengi hutumia miaka yao bora kukusanya fedha ambazo zitaliwa ndani ya wiki chache. Msomi wa Kikomoro Sultan Chouzour aliliandikia jambo hili kitabu kizima mwaka 1994, akieleza jinsi heshima inavyokuwa nguvu ya kutawala na jinsi inavyopingwa.

Aliyeipinga ada kwa ukali kuliko wote alikuwa Ali Soilih. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na chini ya mwezi mmoja baadaye serikali ya kwanza ilipinduliwa; Soilih ndiye aliyeibuka kuwa kiongozi. Alikuwa mtaalamu wa kilimo, na aliiona ada kuwa shimo linalomeza mtaji wa nchi. Aliipiga vita, akawapa vijana mamlaka juu ya wazee, akateketeza nyaraka za utawala wa zamani. Kwa vijana wa hirimu za chini hilo lilikuwa jambo kubwa: kwa mara ya kwanza mtoto wa mji alimwamuru mtu aliyekamilika. Halikudumu. Mei 1978 mamluki wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard walimpindua, na wiki mbili hivi baadaye akauawa. Harusi kubwa zilirudi kwa kishindo.

Zilirudi zikiwa na chanzo kipya cha fedha. Wangazija ni wasafiri wa siku nyingi. Zanzibar iliwajua kama makadhi, walimu na makarani; Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, alikuwa kadhi mashuhuri Unguja hadi kifo chake mwaka 1925. Wengine walikwenda Majunga huko Madagaska, mpaka machafuko ya Desemba 1976 yalipowalazimisha maelfu kurudi makwao. Tangu hapo njia kuu imekuwa Ufaransa, hasa Marseille, mji wenye jumuiya kubwa ya Wakomoro. Fedha wanazotuma ni mhimili mmojawapo wa uchumi wa nchi, na sehemu kubwa hutoka kwa ajili ya ada, ambayo leo inaweza kugharimu makumi ya maelfu ya euro.

Kwa hiyo miezi ya Julai na Agosti, wakati wa likizo za Ulaya, ndiyo miezi ya harusi. Mtu anayefanya usafi hospitalini au anayepika katika mgahawa wa Marseille hutua uwanja wa ndege wa Hahaya akiwa na masanduku, na baada ya wiki chache anaondoka akiwa mndrumdzima, mtu aliyekamilika. Kule Ufaransa hakuna anayejua cheo hicho, lakini kwenye mikutano ya watu wa mji wake huko huko Marseille anahama kiti. Vyama hivyo vya miji vimejenga misikiti, shule, zahanati na mabirika Ngazija, na sehemu ya fedha hizo hutokana na kile ambacho mji humtoza kila anayefanya ada. Miji kadhaa imejiwekea kanuni za kupunguza ng'ombe na karamu na kuongeza fungu la maendeleo. Hatua hiyo ni nzuri na ingefaa iende mbali zaidi, kwa sababu darasa la watoto hukaa miaka na wali haufiki kesho.

Lakini ukali wa ada usiwafanye warekebishaji waiguse nyumba. Watu wa nje wanaozungumzia mila za Ngazija huziweka zote katika kapu moja, na hilo ni kosa. Sherehe zinaweza kupunguzwa na mtu asiumie. Manyahuli ikilegea, anayekosa pa kuishi ni mwanamke, na nyuma yake watoto.

Na imeanza kulegea. Ardhi nyingi ya kisiwa haijaandikishwa; mipaka inajulikana kwa mti, kwa ukuta wa mawe na kwa kumbukumbu za wazee. Pembezoni mwa Moroni, mji mkuu, viwanja vimepanda bei. Zamani mjomba aliyesimamia shamba la dada zake hakuwa na mnunuzi, na alijua kwamba akiliuza ataaibika mji mzima. Sasa mnunuzi yupo, na karatasi yenye muhuri inaweza kutolewa kwa jina la mtu mmoja. Wapo pia akina baba wanaotaka jasho lao la ng'ambo liende kwa watoto wao wa kiume, nao hununua kiwanja nje ya ardhi ya ukoo na kukiandikisha kwa jina lao wenyewe. Si rahisi kuwalaumu, kwa kuwa wametumia maisha yao kujenga nyumba za dada na za wake.

Mzozo unapozuka, kuna milango mitatu ya kubisha. Wazee wa mji huhukumu kwa mila na huogopa kuvunja ukoo. Kadhi huangalia kama mali ile ni wakfu au ni urithi wa kugawanywa. Hakimu wa serikali, aliyesomea sheria zenye asili ya Kifaransa, huuliza hati iko wapi. Dada wanaoshinda kwa wazee wanaweza kushindwa kwa hakimu, kwa shamba lile lile na mashahidi wale wale.